Uzururaji wa saa kumi na moja alfajiri

Wadau, nimerudi chuo toka juzi. Nilikuwa nyumbani Sombetini na kuna jambo limenikaa kichwani mpaka leo.

Kuna chalii wa mtaani kwetu anauza mboga. Saa kumi na moja alfajiri alikuwa anatembea kwenda soko la Kilombero kuchukua mzigo. Gari ikasimama, akaambiwa panda. Kosa? Uzururaji. Mama yake kahangaika mchana kutwa, jioni kaachiwa. Hakuna shtaka, hakuna samahani, na mtaji wa siku ndiyo basi tena.

Najua mtasema vibaka wapo. Wapo kweli, mimi mwenyewe nilishaporwa simu, na doria tunazitaka. Lakini Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya 1985 inataka askari anayekamata bila hati awe na sababu za msingi za kumshuku mtu, na amwambie. Yaani sababu kwanza, pingu baadaye. Uzururaji umepindua hiyo: unakamatwa kwanza, halafu wewe ndiye ueleze kwa nini uko barabarani. Hayo tumeyarithi kwa Mwingereza, ambaye kwao alitunga sheria ya wazururaji mwaka 1824!

Malawi kulikuwa na jamaa anaitwa Mayeso Gwanda, muuza mifuko ya plastiki. Mwaka 2015 alikamatwa alfajiri akienda soko la Limbe. Kama chalii wetu kabisa. Yeye akaenda mahakamani, na Januari 2017 Mahakama Kuu ikasema kifungu kile kinavunja katiba yao.

Sisi je? Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iko hapa hapa Arusha. Tarehe 4 Desemba 2020 ilitoa maoni kwamba sheria za namna hii zinakwenda kinyume na Mkataba wa Afrika. Safi, ila ni maoni ya ushauri tu. Na siku 12 kabla yake, tarehe 22 Novemba, raia wa Tanzania alikuwa ameshafungiwa mlango wa kupeleka kesi yake pale moja kwa moja, baada ya serikali kuondoa tamko lake.

Nikamwambia chalii afungue madai ya kukamatwa bila sababu. Akacheka sana. Kuishtaki serikali unatoa notisi ya siku 90, halafu unaanzia Mahakama Kuu. Mtu anayekula kwa mafungu ya mchicha! Kwa maoni yangu madai madogo kama haya yangeanzia mahakama za chini, na askari aandike sababu yake pale pale anapokamata, siyo kituoni. Nyie mnaosoma sheria humu, nibisheni.

Siku hizi chalii anasubiri kupambazuke ndiyo atoke. Anafika Kilombero mboga nzuri zimeshachukuliwa.

Ngoja nikapige msuli, kesho kuna mtihani.