Sime ya springi si bandia, uongo ni wa umri wake

Springi ya lori lililochoka kubeba majani mabichi ya chai kwenye barabara za Mogogosiek, kaunti ya Bomet, ikitiwa mikononi mwa mhunzi hodari, hutoa sime nzuri: upanga mfupi wenye makali pande zote mbili, mwembamba karibu na mpini, unaopanuka kadiri unavyoikaribia ncha, na mgongo ulioinuka katikati. Wakipsigis huuita rotwet. Wapo wanaoshikilia kwamba upanga wa namna hiyo ni bandia kwa kuwa chuma chake kimetoka kiwandani. Wapo na wasiojali umetengenezwaje, mradi unapendeza kwenye sherehe au unanunuliwa na mgeni. Naona pande zote mbili zimekosea, na la pili ndilo kosa baya zaidi. Silaha ya kale ikifuliwa upya, tuipime kwa ukweli wa maelezo yanayoandamana nayo, tusiipime kwa mahali chuma chake kilikotoka.

Hebu tuanze na hicho chuma. Wahunzi tunaowaenzi walifua kilichopatikana. Mwishoni mwa karne ya 19 misafara ya pwani ilikuwa ikiingiza waya wa chuma bara, nao waliuchoma, wakaukunja na kuugongea pamoja hadi ukawa silaha. Mwaka 1901 reli ilifika Kisumu, na vyuma vya wageni vikazidi kusogea karibu. Hata mafundi wenyewe hawakuwa wa ukoo mmoja: A. C. Hollis, katika kitabu chake cha mwaka 1909 kuhusu Wanandi, ndugu wa Wakipsigis, alieleza kwamba uhunzi kule ulihusishwa na Wamaasai wa Uasin Gishu waliokimbilia huko baada ya kushindwa vitani. Umbo la sime nalo linafanana mno na la Wamaasai na la majirani wengine. Kuna atakayesema basi si yetu. Lakini kitu kilichofuliwa, kuvaliwa na kurithishwa hapa kwa vizazi ni cha hapa, na historia ya kuazimana ni sehemu ya thamani yake. Anayeificha ili sime ionekane safi ameanza kupotosha.

Ulaya nako wanaofua upya panga za Waselti wamebishana juu ya jambo hilihili. Polybius, mwanahistoria wa Kigiriki, aliandika kwamba panga za Waselti zilipinda baada ya pigo la kwanza, na watu wakamwamini kwa karne nyingi. Mtafiti Radomír Pleiner alipochunguza chuma cha panga zenyewe na kutoa kitabu mwaka 1993, ilionekana baadhi zilikuwa laini kweli, ilhali nyingine ziliunganishwa na chuma cha pua kwa ustadi mkubwa. Mtu akisema leo amefua upanga halisi wa Kiselti, ana wajibu wa kutaja ni upi. Karibu nasi zaidi upo mfano wa Buhaya, Tanzania. Miaka ya 1970 wazee waliokuwa wameacha kuyeyusha chuma kwa miongo mingi walijenga tanuri tena mbele ya watafiti Peter Schmidt na Donald Avery, wakitumia udongo wa kichuguu, majani ya kinamasi yaliyochomwa na mirija ya udongo iliyoingia ndani ya tanuri. Matokeo yalichapishwa mwaka 1978. Kazi ile inaheshimika kwa sababu kila hatua iliandikwa, na kila mmoja anaweza kuilinganisha na mabaki ya kale yaliyofukuliwa.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaosema umbo linatosha. Sime iliyokatwa kwa grenda kutoka bamba bapa ina unene uleule kutoka shinani hadi nchani. Iliyofuliwa huwa na mgongo unaoonekana kwa jicho, na uzito wake husogea mbele, pale inapopaswa kukata. Ukiishika utajua. Zote mbili zaweza kuuzwa kwa haki, lakini ile ya bamba ikiitwa kazi ya mababu, anadanganywa mnunuzi na anadhulumiwa mhunzi aliyetoa jasho kwenye fuawe. Na vipimo vya kulinganishia vipo: mradi wa International Inventories Programme, ulioshirikisha Makavazi ya Taifa ya Kenya, uliorodhesha zaidi ya vitu 32,000 vya Kenya vilivyo katika taasisi za ng'ambo. Anayetafuta asisahau kwamba wakoloni waliwaita Wakipsigis Lumbwa. Akitafuta kwa jina moja tu atapitwa na mengi.

Nitaambiwa fundi ana watoto wa kusomesha, hana muda wa makumbusho. Ni kweli, na simtwishi utafiti huo. Utafiti ni kazi ya kaunti za Bomet na Kericho, ambazo zinaweza kumletea michoro na vipimo bila malipo. Kwake naomba dakika chache tu: kabla ya mpini wa mti kufungwa kwa ngozi mbichi, agonge kwa patasi kwenye mkia wa upanga jina lake, mwaka, na neno "springi".