Kuuzisha nyumba: wewe mwenyewe ao kwa mkono wa komisioneri?



Kisha mkutano wa juma lililopita, mama mmoja wa kikundi chetu alinivuta pembeni. Anataka kuuzisha nyumba yake ya Katuba, ajenge ndogo pahali pengine na kulipa masomo ya watoto wawili walio kwenye chuo kikuu. Akaniuliza: "Mwalimu, nitafute komisioneri ao niuzishe mwenyewe? Wale watu wanakula feza nyingi." Nilimwambia nitamjibu hapa, kwa sababu wengi wetu tuna swali hilo. Jibu langu nililipata katika nyumba ya mama yangu mzazi.

Baba yetu alikufa katika mwaka wa 2017. Miaka miwili kisha matanga, mama akaamua kuuzisha lupango. Nyumba ilikuwa kubwa sana kwake, na bati lilikuwa linavuja. Kwanza alisema: "Komisioneri wa nini? Mdomo ninao." Aliambia wakristo wenzake, wenzake wa sokoni na majirani. Miezi mitatu ikapita. Waliokuja walikuwa watu wa avenyu yetu, na wote walijua kwamba yeye ni mjane na ana haraka. Mmoja alitoa dola 12.000. Mwingine alitaka kulipa kidogo kidogo kwa miaka miwili. Wengine wasiojulikana waliingia mpaka vyumbani, wakaangalia vitu, hawakurudi tena. Mama akaanza kuogopa kulala peke yake.

Ndipo kaka yangu akaleta komisioneri. Niseme kweli: yule mtu alitumika. Katika majuma mawili alileta wanunuzi wanne, watu wenye feza kweli, toka komini zingine. Alijua malupango ya upande wetu yanauzishwa bei gani. Mama alimwambia: "Mimi ninataka 18.000." Wakapatana kwa mdomo kwamba atapata asilimia 5.

Siku ya Yesu moja, mnunuzi mmoja alirudi peke yake kisha misa. Alikuwa mama wa watoto watano, alitaka kujua kama robine inatoa maji kila siku na kama majirani ni watu wazuri. Mama akamukaribisha kiti. Katika kuzungumza yule mama akasema: "Mama, bei yenu ni nguvu. Ile 22.000 bado sijaikamilisha."

Mama yangu alinyamaza kidogo. Kisha akauliza: "Mwanangu, 22.000 nani alikuambia?"

Ndivyo tulivyojua. Komisioneri alikuwa ameongeza dola 4.000 juu ya bei ya mama, na bado alingojea dola 900 toka mkononi mwa mama. Wale mama wawili wakapatana 20.000. Komisioneri alikuja na kelele nyingi, lakini mama alimulipa asilimia 5 ya bei ya kweli, ni kusema dola 1.000, kwa sababu ni yeye aliyemuleta mnunuzi. Hesabuni pamoja nami. Kwa njia ya kwanza mama angebaki na 17.100. Kwa njia ya pili alibaki na 19.000. Na yule mama mnunuzi alibaki na dola 2.000 zake.

Kwa hiyo, mama uliyeniuliza, jibu langu ni hili: komisioneri umulipe kwa ajili ya miguu yake, atembee na kutafuta. Lakini kuongea bei na mnunuzi, kushika karatasi na kupokea feza, ufanye mwenyewe pamoja na watu wako.

Usifikiri kwamba kuuzisha peke yako kunakulinda na hasara. Mama mwingine ninayemujua aliuzisha bila komisioneri. Alipokea nusu ya feza, akampa mnunuzi funguo, akangojea nusu ya pili. Mpaka leo anaingojea, na mnunuzi anakaa ndani. Hakulipa komisioneri hata franka moja, lakini alipoteza kupita hesabu ya komisioneri yeyote.

Sasa tuone kazi yenyewe, hatua kwa hatua.

Kwanza, karatasi. Tangu sheria ya tarehe 20 Julai 1973, ardhi ya inchi yetu ni ya Serikali. Sisi tunapewa haki ya kuikalia na kuitumia, na cheti kinachohakikisha haki hiyo ni sertifika inayotolewa na konservateri. Livre ya lojere ao karatasi yenye muhuri wa shefu wa kartie inasaidia, lakini haina nguvu ya sertifika. Angalia ni jina la nani limeandikwa. Kama ni jina la marehemu, usianze kutafuta mnunuzi. Kwa sheria yetu watoto ndio warizi wa kwanza, na mjane ana haki ya kuendelea kukaa katika nyumba alimokaa na mume wake. Familia ikae, wapatane, waandike, na kila mmoja atie sahihi. Ndugu yetu aliye Kolwezi, tulimungojea mpaka alipofika. Kama mume wako yuko hai, Kode ya Familia inaomba ninyi wawili mkubali pamoja. Yeye hawezi kuuzisha nyumba yenu bila wewe, wala wewe bila yeye.

Pili, bei. Uliza watu watatu ao wane waliouzisha ao kununua karibuni katika kartie yako. Uliza pia makomisioneri wawili tofauti, bila kuwapa kazi. Ukijua bei, hakuna atakayekudanganya kwa vyepesi.

Tatu, mapatano na komisioneri yaandikwe, hata kwenye ukurasa wa daftari. Muandike asilimia yake: kuna anayeomba 5, kuna anayeomba 10. Kwa nyumba ya dola 20.000, hiyo ni tofauti ya dola 1.000, kwa hiyo ongeeni. Muandike kwamba inahesabiwa juu ya bei ambayo mnunuzi amelipa kweli, kwamba hataongeza kitu juu, na kwamba atalipwa siku wewe umekwisha kulipwa yote. Muandike pia muda, kama miezi miwili. Mukisha kuandika, wewe nawe heshimu neno lako. Kumuzunguka mtu aliyekuletea mnunuzi ni wizi pia.

Ine, sertifika yenyewe haitoki nyumbani. Onyesha fotokopi. Usitie sahihi kwenye karatasi tupu, wala usimupe komisioneri karatasi ya kumuruhusu auzishe kwa jina lako. Mumeona kuta za mji wetu zilizoandikwa kwa Kifaransa kwamba lupango hii haiuzishwi. Wenyewe waliziandika kwa sababu lupango inaweza kuuzishwa na mtu asiye mwenye nayo.

Tano, kila mnunuzi aje wakati uko na mtu mwingine nyumbani. Zungumza naye uso kwa uso, na umuulize bei aliyoambiwa. Ulizo hilo moja lilimupa mama yangu dola 1.900.

Sita, feza. Ipite kwenye banki kama inawezekana, mbele ya washahidi wa pande mbili. Andiko la kuuzisha lifanywe mbele ya notere. Mupatane mapema ni nani atakayelipa gharama ya kubadilisha jina kwa konservateri. Funguo na karatasi vinatoka siku feza yote imeingia.

Mama yangu leo anakaa Ruashi, vyumba vitatu, bati jipya. Yule mama aliyenunua nyumba yetu anamupigia telefone kila sikukuu.

Kwa mkutano wa Siku ya Posho, ninaomba kila mama alete fotokopi ya karatasi ya nyumba anamokaa, hata kama hana mawazo ya kuuzisha. Tutasoma pamoja jina lililoandikwa pale. Mama asiyejua kusoma asipate haya, mimi nitamusomea pembeni. Na kama karatasi iko kwa shemeji ao kwa baba mdogo, anza leo kuuliza kwa upole ni wapi ilipo.

Mama Mwalimu