Kukodi nafasi ya serveri: mkataba useme umeme gani

Kampuni ya Goma ao Bukavu inayotaka kuweka serveri zake katika kituo cha data huko Kinshasa isome vizuri sehemu ya umeme katika mkataba. Kilowati 5 ni nguvu ile mwenye kituo anakuwekea. Kilowati-saa ni umeme ule umetumia kweli. Mkataba ukihesabu nguvu iliyowekwa tu, unalipia kilowati 5 hata kama mashine zako zinatumia 2. Tena, ahadi ya umeme 99,9% inaruhusu karibu saa 9 bila umeme kwa mwaka. Na mazutu ya jenereta, pamoja na umeme wa kupoza mashine, nani analipa? Yote yaandikwe mbele ya kutia saini.