Kabila Lako Lina Miaka Mingapi?

Ukitafuta keja Baba Dogo, keretaka atauliza jina lako la pili kabla ya kuuliza kama uko na kodi. Anapima kabila. Sawa, tuulizane basi hilo kabila lina miaka mingapi. Majina "Wakalenjin" na "Wamijikenda" yalishika miaka ya 1940. Kuna mashosho wakubwa kuliko hayo majina. Wanandi na Wagiriama walikuwepo kitambo, ndiyo. Lakini muungano tunaouita damu ulipangwa na watu, wakiwa na hesabu zao.

Serikali nayo ni hivyo hivyo. Wamakonde wengi waliozaliwa Kwale walikaa miaka bila kitambulisho, hadi walipoitwa kabila la 43, mwaka 2017. Yaani kuzaliwa hapa hakukutosha, ilibidi wapewe namba.

Sheria ya usajili wa watu bado inataka utaje kabila ama rangi. Ifutwe hiyo sehemu. Mtasema tunaua mila. Mila gani inaishi kwa fomu? Kwenye sensa ya 2009, watu 610,122 waliandikwa Wakenya tu, na hawakuyeyuka. Lugha ya shosho iongee, ifunze watoto. Lakini kitambulisho nipewe kwa sababu nimezaliwa hapa, na keja kwa sababu nimelipa.