Unafuu wa Kodi si Unafuu wa Maisha

Miongoni mwa Wakenya wanaofunga safari kwenda Marekani kusoma au kutafuta riziki, kuna swali lisilokwisha kuulizwa: ni jimbo gani lenye maisha mema? Waliopiga kambi Dallas na Houston huisifu Texas. Waliolowea Minneapolis na vitongoji vyake huitetea Minnesota, theluji yake isiwashtue. Kwa maoni yangu, mjadala huu hupotoka mapema kwa sababu kipimo kinachotumiwa ni kimoja tu, nacho ni kodi.

Ni kweli kwamba Texas haitozi kodi ya mapato ya mtu binafsi. Mwaka wa 2019 wapiga kura wake waliidhinisha marekebisho ya katiba ya jimbo yanayoipiga marufuku. Minnesota nayo humtoza mwenye kipato cha juu kabisa asilimia 9.85. Si ajabu, basi, kwamba kati ya sensa ya 2010 na ile ya 2020 Texas iliongeza takriban watu milioni 4, ikafikisha milioni 29.1, ilhali Minnesota ilikuwa na milioni 5.7. Umati huo haukuvutwa na uvumi mtupu, kazi zipo.

Hata hivyo, hakuna serikali inayoendeshwa kwa upepo. Kisichokatwa kwenye mshahara hukatwa kwingineko. Texas hutegemea kodi ya mauzo, ambayo pamoja na fungu la serikali za mitaa hufikia asilimia 8.25, na kodi ya nyumba na ardhi ambayo ni miongoni mwa zilizo juu nchini humo. Kodi ya mauzo haimwulizi mnunuzi ana akiba kiasi gani. Mfagizi na mwenye visima vya mafuta hutozwa kiwango kile kile, ingawa mzigo huo haulemei mabega yao sawasawa.

Isitoshe, yafaa tuulize kodi hununua nini. Mwaka wa 2022, takriban mtu mmoja katika kila sita huko Texas hakuwa na bima ya afya, kiwango kibaya kuliko cha jimbo jingine lolote. Huko Minnesota alikuwa mmoja katika kila ishirini hivi. Tofauti hii haikuanguka kutoka mbinguni: Minnesota ilikubali kupanua mpango wa Medicaid chini ya sheria ya afya ya 2010, Texas ikakataa. Kima cha chini cha mshahara huko Texas ni kile cha taifa, dola 7.25 kwa saa, ambacho hakijabadilika tangu 2009. Minnesota ilikuwa imepita dola 11 kufikia 2025. Mwaka wa 2023 Minnesota ilipitisha sheria ya kuwalisha wanafunzi shuleni bila malipo. Takwimu za serikali kuu za 2020 zilikadiria umri wa kuishi kuwa miaka 79.1 Minnesota na 76.5 Texas.

Wahenga walinena kuwa rahisi ni ghali. Februari 2021, baridi kali ilipoivamia Texas, ambayo gridi yake ya umeme kwa sehemu kubwa imejitenga na nchi nzima, mamilioni ya nyumba zilikosa umeme, na idara ya afya ya jimbo ikahesabu vifo 246. Minnesota huona baridi kali zaidi karibu kila mwaka, lakini hujiandaa kwayo.

Je, tuseme Minnesota ni pepo? La hasha. Wastani hufunika mengi. Ni katika Minneapolis ambako George Floyd aliuawa na polisi tarehe 25 Mei, 2020. Katika jimbo hilo, zaidi ya robo tatu ya familia za Wazungu zinamiliki nyumba, ilhali miongoni mwa Weusi ni takriban theluthi moja tu. Mkenya anayehamia huko hana budi kujua kwamba sifa za jimbo hazigawanywi kwa kipimo sawa, na kwamba fungu lake huenda lisiwe lile lililoandikwa katika takwimu.

Hukumu yangu ni hii. Kijana mwenye afya, ujuzi na mshahara mnono aweza kustawi Texas. Lakini mzazi mwenye watoto, anayefanya kazi ya kijungujiku na ambaye ugonjwa mmoja waweza kumfilisi, ana kinga kubwa zaidi Minnesota. Nami huamini kwamba ubora wa mahali hupimwa kwa hali ya huyu wa pili, maana wa kwanza hustawi popote.

Somo hili latufaa hata sisi, ambao tangu 2013 tuna serikali 47 za kaunti. Tusiishie kuuliza tumetozwa kiasi gani. Tuulize pia kimeturudia nini.