Gari la Marehemu Baba Litiwe Oili Gani?

Ndugu msomaji wetu wa Tabora ameuliza swali ambalo, kwa namna moja au nyingine, limekwisha kufika mezani petu mara nyingi. Marehemu baba yake aliwaachia Peugeot 404, nayo imekaa chini ya mwembe kwa muda wa miaka miwili. Mwezi wa Desemba familia inakusudia kumpeleka mama yao Songea ndani ya gari hilo hilo alilolizoea. Fundi wa kwanza amewashauri watie oili ya bei kubwa kuliko zote dukani, ile nyepesi ya magari ya siku hizi, kwa hoja kwamba kizuri ni gharama. Fundi wa pili amewaambia watafute iliyo nzito kuliko zote, maana injini imezeeka. Je, amsikilize nani?

Kwa maoni yetu, wote wawili wana nia njema na wote wawili wanaweza kuiua injini hiyo, ila kwa njia tofauti.

Gari lenyewe si la kudharauliwa. Lilianza kuuzwa mwaka 1960, likashinda mashindano ya Safari mwaka 1963, kisha likashinda tena mara tatu mfululizo, mwaka 1966, 1967 na 1968. Mwaka 1966 na 1967 usukani ulishikwa na Bert Shankland, aliyekuwa mkazi wa Tanzania. Waliokuwa watu wazima wakati ule watakumbuka jinsi redio zilivyosikilizwa. Injini iliyohimili matope na vumbi la namna hiyo haikuundwa kwa udhaifu. Lakini iliundwa kwa oili ya zama zake, na hapo ndipo penye kiini cha jambo letu.

Tuanze na tarakimu zilizoandikwa kwenye kopo, kwa kuwa aghalabu husomwa vibaya. Chukua 20W-50. Herufi W inahusu majira ya baridi ya nchi za ng'ambo, na tarakimu iliyoitangulia yaeleza jinsi oili inavyotiririka injini ikiwa baridi. Oili ya 20W hujaribiwa katika nyuzi 15 chini ya sifuri, na ile ya 5W katika nyuzi 30 chini ya sifuri. Sasa, hata Njombe na Makete, ambako jalidi huonekana juu ya majani mwezi wa Juni na Julai, hakuna asubuhi ya baridi kama hiyo. Mkazi wa Tabora anayeongeza fedha kwa ajili ya 5W ananunua koti la theluji.

Tarakimu ya pili ndiyo yenye uzito kwetu. Hiyo yaeleza uzito wa oili inapofikia joto la nyuzi 100, yaani injini ikiwa kazini. Magari mapya hutengenezwa kwa vipimo vya karibu mno, chuma na chuma vikiachiana nafasi ndogo sana, ndiyo maana yanataka oili ya 30 au hata 20. Injini ya 404 iliachiwa nafasi kubwa zaidi tangu kiwandani, na miaka ya kazi imezidi kuipanua. Ukiitia oili ya 30, ikishapata moto oili hiyo huponyoka katika beringi kabla ya kufanya kazi yake. Taa nyekundu ya oili huanza kupepesa gari linaposimama kwenye taa za barabarani, na sili za zamani huanza kuvuja mahali ambapo hapakuwa na tone. Hilo ndilo kosa la fundi wa kwanza. Gari hilo linataka 20W-50, au ikikosekana, 15W-40. Na kama fundi amezoea oili ya namba moja tu, SAE 40, nayo haitaidhuru injini hiyo katika joto letu.

Kosa la fundi wa pili limezoeleka zaidi, na chanzo chake mara nyingine ni hila za wauza magari. Injini inayogonga hutiwa oili nzito mno ili inyamaze siku ya mnunuzi kuja kuitazama. Hunyamaza kweli. Lakini sehemu kubwa ya ulaji wa vyuma hutokea pale gari linapowashwa, kabla oili haijapanda juu kwenye valvu. Kadiri oili ilivyo nzito ndivyo inavyochelewa kufika. Wapo pia wanaotia katika injini oili ya gia ya namba 90, wakidhani ina uzito karibu mara mbili ya 50. Siyo. Oili za gia zina kipimo chao. 90 ya gia ina uzito unaokaribiana na 40 au 50 ya injini, ila dawa zilizochanganywa humo si za injini kabisa.

Baada ya tarakimu zipo herufi mbili ambazo wengi hawazitazami. S ni kwa injini za petroli na C kwa za dizeli. Herufi inayofuata yaonyesha kizazi cha oili. SA haifai kwa injini nyingi zilizotengenezwa baada ya mwaka 1930, na SB haifai kwa zilizotengenezwa baada ya 1951. Ukiziona dukani, hata kama bei yake inavutia, ziache. SF yatosha kwa magari mpaka ya mwaka 1988. Za siku hizi ni pamoja na SN ya mwaka 2010 na SP ya mwaka 2020.

Mtu angedhani kwamba kizazi cha mwisho ndicho bora kwa kila gari. Hapa yapo mambo. Ndani ya 404 kamshafti husukuma tapeti kwa kusuguana nayo moja kwa moja, chuma kwa chuma, kwa nguvu kubwa sana juu ya mstari mwembamba. Kinachovikinga vyuma hivyo ni dawa yenye zinki na fosforasi, ambayo imetiwa katika oili za magari tangu miaka ya 1940. Lakini fosforasi huharibu kifaa cha kusafisha moshi kilichomo katika bomba za magari mapya. Kwa sababu hiyo kiwango chake katika oili nyepesi kilipunguzwa hatua kwa hatua: kutoka asilimia 0.12 hadi 0.10 katikati ya miaka ya 1990, kisha 0.08 mwaka 2004. Magari mengi mapya hayapati hasara, kwa kuwa tapeti zake zina magurudumu au hazikandamizwi kwa nguvu ile. Gari la marehemu baba halina kifaa hicho cha moshi, na tapeti zake zinaihitaji dawa hiyo. Habari njema ni kwamba ukomo huo umewekwa kwa oili nyepesi, 30 kushuka chini. 20W-50 na 15W-40 hazibanwi nao. Kwa hiyo uzito unaofaa na dawa inayofaa hupatikana katika kopo moja, na wala si kopo la bei kubwa.

Kopo hilo liwe limefungwa, lina alama ya Shirika la Viwango, na limenunuliwa kwa mtu mwenye duka. Oili ya kupima kwa chupa za maji kando ya barabara inaweza kuwa chochote, pamoja na ile iliyomwagwa jana kutoka katika basi na kuchujwa kwa kitambaa.

Sasa jinsi ya kuliamsha. Msiliwashe kwanza! Mwageni oili yote ya zamani, tieni mpya, lita nne. Fungueni plagi, dondosheni oili kidogo katika kila silinda, kisha izungusheni injini kwa mkono. 404 ina nafasi ya hendeli, faida ambayo magari ya leo yameikosa. Ikizunguka bila kukwama, tumieni stata huku plagi zikiwa nje, mpaka taa ya oili izimike. Ndipo mrudishe plagi na kuwasha.

Oili hiyo ya kwanza isikae muda mrefu. Oili mpya ina sabuni ndani yake, na katika injini iliyolala ina masizi na matope ya miaka mingi ya kubandua. Uchafu ukibanduka wote kwa mkupuo huziba chujio la pampu, na pampu isiyovuta oili huiua injini kwa dakika chache. Imwageni baada ya kilometa 1,000, kabla ya safari, si baada yake. Kisha kila kilometa 5,000, au mara moja kwa mwaka hata kama gari halikutembea, maana unyevu nao huiharibu oili iliyosimama.

Jambo moja zaidi la 404 ambalo mafundi vijana hawalijui: difu yake ina gia ya shaba nyeusi. Oili kali za gia za GL-5 zaweza kuila shaba hiyo, na kuipata nyingine leo ni kazi. Tafuteni kitabu cha gari, aghalabu kimo katika kisanduku cha mbele, mkafuate kilichoandikwa humo.

Oili chafu isimwagwe mtaroni, na watoto wasiichezee, kwa kuwa ina sumu inayodhuru ngozi. Ifungwe katika dumu, apewe mwenye gereji anayejua pa kuipeleka.

Njiani, kijiti cha kupimia kichomolewe kila mnapojaza petroli, gari likiwa mahali tambarare na limezimwa kwa dakika kadhaa. Likinywa oili kidogo msishangae; umri wake unaruhusu. Wekeni lita mbili za ziada katika buti, za aina ile ile, na mzikague tena Iringa kabla ya kuanza vilima vya kuelekea Njombe.