Sala ya Zamu

Juma hili tumfikirie binti wa Kiislamu wa mji wa Kamembe, wilayani Rusizi, aliyehitimu masomo ya uuguzi. Saa sita na nusu mchana wakati wa adhuhuri umekwisha kuingia, naye yupo kando ya mama mwenye uchungu wa uzazi. Jioni mchumba wake amwambia: “Kazi hii yakucheleweshea sala. Tukioana, uiache.”

Hofu ya namna hiyo si ngeni. Uislamu uliingia Rwanda pamoja na wafanyabiashara na askari waliotoka pwani, hasa zama za Wajerumani. Ulipofuata utawala wa Wabelgiji, shule nyingi zilikuwa mikononi mwa misheni za Kikristo, na wazee wengi wa Kiislamu waliwazuia watoto wao wasisome, wakichelea wasije wakabatizwa. Hofu ile ilikuwa na sababu. Lakini gharama yake waliilipa watoto waliokosa kalamu.

Ninyi askari mwajua kwamba lindo haliachwi. Kurani, katika Sura ya An-Nisaa, aya ya 102, yaeleza jinsi jeshi lisalivyo vitani: kundi moja husali, la pili hulinda, kisha hupokezana. Ikiwa askari hakuamriwa kuacha lindo, kwa nini muuguzi aamriwe kuacha kazi? Naye na apokezane na mwenzake. Sala yatimizwa kwa dakika chache, na muda wa adhuhuri waendelea hadi alasiri.

Ama mshahara, aya ya 32 ya sura hiyohiyo yamtambulia mwanamke fungu la alichokichuma. Kwa sheria ya Kiislamu mali ya mke ni yake, na kulisha nyumba ni wajibu wa mume. Mke akichangia, huo ni wema wake, wala si deni.

Binti naye asiifanye elimu kuwa kiburi. Ucha Mungu wake uonekane wodini: asipokee bahasha ya mgonjwa, atunze siri, amhudumie maskini sawa na tajiri.

Basi, enyi wachumba, lizungumzeni jambo la kazi kabla ya nikaha, mbele ya wazee wa pande zote mbili, na mapatano yaandikwe. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.